Kokwa za Lami

Veneranda alimchukia Dismasi, mwenyekiti wa kijiji chao, tangu siku alipomcheka mbele ya wanafunzi wake, kwamba anafundisha hesabu za hewani. Alifundisha kidato cha tatu, Ujiji, na kusamehe hakukuwa katika mambo aliyoyaweza. Mwaka 1974, watu wa kwao walipohamishiwa kijiji kipya, alipanda boti kwenda huko kwa sababu moja tu: mama yake, Eufrasia, apate kiwanja cha ufukweni. Mama alianika dagaa, na magoti yake yasingestahimili mlima kila siku.

Nusu ya viwanja vilikuwa ufukweni, nusu mlimani. Kura ingepigwa kama wavuvi wanavyogawana mahali pa kuanikia: kokwa za chikichi ndani ya chungu, mtu anaingiza mkono bila kutazama. Kokwa yenye alama ni ufukweni. Wavuvi huchanja alama kwa kisu, lakini Dismasi alikuwa amezipaka lami ya mitumbwi.

"Mwalimu, hebu tuhakikishie kwamba kura hii ni ya haki," alisema, akitabasamu vibaya.

Veneranda akasimama, shingo juu. Akaeleza kwamba uwezekano uko wa aina tatu: wa kufikiri, unaoupata kwa hesabu kabla hujagusa kitu, wa majaribio, unaoupata kwa kufanya na kutazama, na wa hisia, wa mtu anayedai moyo wake umemwambia. "Kokwa ishirini, kumi nyeusi. Ni nusu kwa nusu. Nathibitisha." Chungu chenyewe hakukichungulia.

Wa kwanza akatoa kokwa tupu. Wa pili, tupu. Watano, sita, wote mlimani. Kisha Bonifasi, mdogo wake Dismasi, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akakwangua, akaibuka na nyeusi. Mkewe naye nyeusi. Veneranda akajitosa mbele.

"Simamisheni!"

"Si umethibitisha mwenyewe?" Dismasi akauliza.

"Umetuuza, mwalimu!" jirani mmoja akafoka, na mwingine akatema mate karibu na viatu vyake.

Alikinyakua chungu, akakipindua. Kokwa tupu zikamwagika. Nyeusi zilibaki zimeganda kitakoni mwa chungu kwa lami. Watu wakamgeukia Dismasi kwa matusi, wakadai kura mpya. Alama zikachanjwa kwa kisu, Veneranda mwenyewe akachanganya kokwa, akatingisha chungu mpaka mikono ikauma. Hakuna aliyemshukuru.

Mama akatangulia. Akatoa kokwa, akaipapasa kwa kidole gumba. Haikuwa na mchanjo.

Dismasi akacheka kwa sauti. Veneranda alitamani kumrarua, lakini safari hii hakuwa na la kumshika nalo.

"Na hii, mwanangu, ni aina gani?" mama akauliza.

"Ya kwanza, Mama. Ilikuwa nusu kwa nusu kweli."

Mama hakumtazama. Akamsukumia jamvi la dagaa mbichi.

"Basi anza kupandisha."