Ofisi Inasema Niko Nyumbani

Same, Jumamosi. Mwaka wa pili tangu nitoke Kasulu.

Jamani, leo nimeambiwa niko nyumbani!

Siku hizi shamba la mkonge ni la umma, na idara zote zinafanya kazi kwa pamoja.

Nimekwenda ghalani kuchukua unga wa posho, mtunza ghala akakataa.

"Ndugu, wewe uko likizo Kasulu. Ofisi imetuambia."

"Mbona nimeshinda nakata mkonge?"

Kumbe likizo niliyoomba ilikubaliwa, ghala likaambiwa, mnyapara wangu akasahauliwa. Na mimi pia!

Watu wakacheka. Mimi nikamkumbuka mke wangu anavyopepeta maharage uani, nikashindwa kucheka.

Mnyapara akanishika bega. "Weka kisu chini uende, bwana. Usije ukaiumbua ofisi."

Kesho napanda treni. Ninyi wa nyumbani, nitarajieni maharage yakiwa bado uani.