Yule wa Nyuma ya Trei

Chumba cha kupigia pasi katika hospitali ile kilikuwa na televisheni moja, imefungwa juu ukutani, na rimoti yake ilikaa mfukoni mwa msimamizi. Jumapili saa tisa alasiri hata msimamizi alilegea. Wanawake sita walisimama kwenye meza zao, mashuka yakifuka mvuke, wakatazama kile kipindi cha kuwatafutia watu maarufu mababu zao. Kukitazama kimya hawakuweza. Kila mtu alikuwa na maoni, na aliyekosa aliazima ya jirani.

"Huyu naye analia nini? Babu kafa kabla yeye hajazaliwa!"

"Machozi ya kulipwa hayo, shoga."

Mwishoni mtangazaji aliposoma maoni ya watazamaji, walibishana nayo hayo pia.

Jumapili ile Mama Pasi hakutia neno. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa amepiga pasi pale miaka thelathini na moja na hajaunguza hata foronya moja. Alikuwa anaisubiri picha yake.

Picha yenyewe ilikuwa moja tu duniani. Wanaume wanne mbele ya tanuri la kiwanda cha zamani cha mikate, wamevaa aproni, mlango wa kiwanda uko wazi upande wa kulia. Mmoja wao alikuwa baba yake, aliyefariki yeye akiwa na miezi minane. Sura ya baba aliijua kutoka hapo tu: kijana wa pua pana, kidevu juu, kama mtu aliyeambiwa atapandishwa cheo. Mama yake alimwonyesha mara moja, bila kuinua macho kwenye ushonaji wake: "Baba yako ni huyo wa pili." Mama alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi, akafa bila kuulizwa tena, maana nani huuliza jambo analolijua?

Basi tangu utotoni alizungumza na huyo wa pili. Alimweleza alipoolewa. Alimweleza alipoachwa. Alipojifungua mtoto wa kiume alimgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha mpaka akaiona ile pua, akafurahi siku nzima.

Miezi mitatu nyuma, kipindi kilikuwa kimetangaza kwamba mwigizaji mmoja wa tamthilia alikuwa na babu aliyeoka mikate kwenye kiwanda kile, na mwenye kumbukumbu yoyote ajitokeze. Mama Pasi aliipeleka picha mwenyewe, kaibana katikati ya makadibodi mawili. "Uitunze, mwanangu," alimwambia binti mtafiti. "Baba yangu yumo humu."

Sasa picha ikatokea. Mwigizaji aliishika kwa ncha za vidole. Kamera ikasogea polepole, ikatua juu ya kile kidevu.

"Huyu ndiye babu yako," sauti ikasema.

Mwigizaji akaibusu.

Mama Pasi aliiweka pasi chini. "Huyo ni baba yangu," alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, "Huyo ni baba yangu! Wamekosea!"

"Baba yako?" aliuliza jirani yake wa meza, waliyemwita Kasuku kwa kuwa hakujua kunyamaza. "Mama Pasi, mwenye macho haambiwi tazama. Hebu iangalie pua ya yule na pua ya huyu dada. Pua moja, imepasuliwa mara mbili!"

Watazamaji nao walikuwa upande wa Kasuku. Mtangazaji alisoma: "Nimelia kama mtoto, pua ile ile." Mwingine: "Damu nzito kuliko maji, hata kipofu angeona." Wa tatu alilalamika kwamba kipindi ni kirefu mno na kinawachelewesha mpira. Wa nne akauliza: "Na yule aliyejificha nyuma ya trei? Wajukuu zake wajitokeze, tutawatambua kwa trei!"

Chumba kikaangua kicheko. Hata Mama Pasi, pamoja na hasira zake zote, alicheka. Mtu yule alikuwa kichekesho kweli. Kanyanyua trei ya mikate mpaka usoni wakati kamera inapiga, limebaki sikio moja na vidole vinne. Miaka yote ile Mama Pasi hakuwahi kumfikiria.

Jumanne aliomba ruhusa, akavaa gauni lake la harusi za watu, akaenda kwenye kituo cha televisheni akiwa amejiandaa kwa vita. Binti mtafiti alimpokea kwa adabu, akamvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua faili.

"Samahani, mama, ila hatukufuata maneno matupu. Familia ya msanii walikuwa na hiki."

Kilikuwa kitambulisho cha kazi cha kiwanda kile kile, kingo zimeliwa, kina picha, jina na alama ya dole gumba. Pua pana. Kidevu juu. Jina halikuwa la baba yake.

Mama Pasi alikigeuza mbele na nyuma. Alitafuta mwanya wa kubisha, akaukosa.

"Mama, wewe nani alikuonyesha baba yako?"

"Mama yangu."

"Alikwambiaje?"

"Wa pili."

Binti aliisogeza picha katikati ya meza. Akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliomuua: "Wa pili kutoka wapi?"

Mama Pasi alikuwa amehesabu kutoka kushoto, kama alivyofundishwa shuleni kusoma. Lakini mama yake hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mama yake alihesabu kila kitu kuanzia mlangoni, jinsi mtu anavyoingia. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha mlangoni, na alipomtuma mtoto kwenye sanduku la pili, ole wake ahesabu kuanzia ukutani. Mama Pasi aliweka kidole kwenye mlango wa kiwanda, upande wa kulia. Mmoja. Wawili. Kidole kikasimama juu ya trei.

Picha alirudishiwa siku ile ile. Nyumbani aliisogeza dirishani, akavaa miwani, akavua miwani. Sikio lilikuwa sikio tu. Vidole vilikuwa vidole vya mtu yeyote. Miaka hamsini na minne alikuwa amemsimulia siri zake mtu baki, na baba yake amesimama hatua moja kando yake, kimya, anasubiri kuangaliwa. Pua aliyoiona kwa mwanawe aliibandika mwenyewe kwa hamu. Alilia kwa uchungu na kwa aibu, na wa kumwomba radhi hakumpata, maana hata sura ya kuelekezea maneno hakuwa nayo.

Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye meza yake kama kawaida.

"Enhe, walisemaje?" Kasuku aliuliza.

"Walisema wataangalia."

Kipindi kilianza kwa maoni ya wiki iliyopita. Mtangazaji alikuwa anacheka hata kabla hajasoma. Ujumbe wa trei, alisema, ulikuwa umewafurahisha watazamaji kuliko wote, na mjukuu bado hajajitokeza. Wakaionyesha tena nakala ya picha ile, safari hii wamelizungushia lile sikio duara jekundu. Wanawake walishika mbavu. Msimamizi mwenyewe alifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Maskini huyu," Kasuku alisema kwa kicheko, "hana hata mtu wa kumlilia!"

Mama Pasi alifungua mdomo. Wiki moja tu nyuma, katika chumba hiki hiki, alikuwa amemng'ang'ania mtu asiye wake kwa sauti ya kusikika mpaka wodini. Sasa wa kwake alikuwa anachekwa mbele ya watu, na sauti haikutoka. Alivuta shuka jingine, akalitandaza mezani, akaendelea kupiga pasi.