Waya Nne kwa Mota ya Kiberege

Mume wangu alikuwa fundi wa kusuka upya waya za mota hapa Ifakara, na mimi nilimsaidia miaka mingi hadi nikaijua kazi. Alipofariki nilifunga karakana. Baada ya matanga nikafungua tena, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno.

Mota ya kwanza kuletwa ilitoka Kiberege ikiwa juu ya toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Ilikuwa ya mashine ya kukoboa mpunga, na mwenye mashine, mama mtu mzima, alikuja nayo mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu. Hii inaguna tu na kuchemka, haizunguki. Magunia ya watu yamejaa hadi barazani. Wengine wameshaanza kuyabeba kwenda kwa jirani."

Mota kama hiyo ina koili tatu, na zote zinapaswa kuwa na ukinzani sawa. Ukinzani wenyewe ni mdogo sana. Ukitumia mita ya kawaida na waya zake mbili, unapima koili pamoja na hizo waya. Kwa hiyo mume wangu alitumia waya nne. Mbili nene, zenye vibanio, zilipitisha umeme wa betri ya gari, na njiani aliweka taa ya gari ili umeme usizidi, na mita ya kusoma ampea. Mbili nyembamba zilikuwa na sindano, za kugusa ncha za koili yenyewe na kusoma volti. Unagawa volti kwa ampea, basi. Nimeishia darasa la saba, lakini kugawa najua.

Koili mbili zilitoa jibu moja. Ya tatu ikazidi. Nikarudia, ikazidi tena. Nikamwambia mama koili moja imekufa, itabidi nikate zote nisuke upya, siku nne.

"Siku nne! Si bora nikakoboe kwa kinu?"

"Mchi ninao, mama, nikukodishie?" dereva wa toyo akadakia.

"Nyamaza wewe! Ulivyoirusha mota yangu kwenye mashimo, sijamalizana na wewe."

Kisha akanigeukia. "Haya. Wewe ndiye fundi. Kata."

Nilikuwa nimeshashika koleo. Lakini mara hii hakukuwa na mtu wa kuangalia kazi yangu kabla sijakata, nikaogopa. Nikainama kuangalia upya nilivyofunga waya zangu. Bolti inayofungia ncha ya koili ya tatu ilikuwa imekatika juu, ina kutu, na kibanio kilikuwa kimeifunika yote. Nilipokosa pa kugusa, niliweka sindano juu ya kibanio. Kumbe nilikuwa nimepima koili pamoja na kutu. Kosa hilo marehemu alinikataza mara nyingi, na nilikuwa nikimjibu, "Nimesikia."

Nikakwangua vanishi kidogo nyuma ya bolti, kwenye waya wa koili, nikagusa shaba yenyewe. Zote tatu zikawa sawa.

Ningeweza kubadilisha bolti bila kusema kitu. Ila mama alikuwa ameketi pale, ameshika tama, anawaza magunia ya watu.

"Mama, nimekosea," nikasema. "Koili ni nzima. Nilipima vibaya. Bolti hii ndiyo mbovu, umeme haupiti vizuri, ndiyo maana inaguna."

"Ungenikatia mota nzima?"

"Ndiyo, mama. Ningeikata."

Akainuka, akanisogelea. "Pima tena. Na usome kwa sauti, nisikie."

Nikaweka bolti mpya, nikapima koili moja moja huku nikisoma kwa sauti, yeye ameniinamia begani. Kisha nikaiwasha. Ikazunguka bila kuguna.

"Wewe, pakia," akamwambia dereva. "Na leo uendeshe kama umebeba mayai."

Waliondoka kabla ya saa saba. Nikanawa mikono, nikapika wali, nikala vizuri.