Ombeni Chuma Kibaki

Chuma cha kwanza mwili wangu ulikikataa. Nilianguka na bodaboda nikitoka Galula, paja likavunjika, hospitali wakanitia chuma, miezi ikapita mfupa haujashika. Mimi ni mkulima wa kahawa huku Mbozi, na shamba langu liko mteremkoni. Bila mguu ningekaa jikoni nikisimuliwa habari za miti yangu mwenyewe. Nililia, sifichi.

Mara ya pili daktari alikuja na chuma chenye mpako mpya, ambao bado uko kwenye majaribio. Nikaelezwa, nikakubali, nikasaini.

"Mwili una askari wake, mama," alisema. "Wakiona kitu kigeni wanakishambulia. Mpako huu unawatuliza, halafu unawaelekeza wasaidie kujenga mfupa."

Nikarudi nyumbani na magongo. Kwetu mgonjwa akitoka hospitali, akina mama wa kanisani hawasubiri kualikwa. Jumamosi walijaa sebuleni, mbele yao mama mkwe wangu na lile sauti lake la kuvuka mito. Akaniwekea mikono pajani.

"Kila kitu kigeni ndani ya mwili huu, kitoke!"

"Kitoke!" wakaitikia.

"Kitoke sasa hivi!"

Weee! Nikafumbua macho. "Mama, acheni! Msikitoe! Hicho ndicho nilichokifuata hospitali!"

Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Nikawaeleza habari za askari na mpako, tena kwa ukali, maana niliogopa kweli. Mimi ni muumini; je, kama walikuwa wameshasikika huko juu?

Mama mkwe akatafakari. "Kumbe tumeomba kinyume," akasema. "Haya, jamani, magotini tena."

Wakaanza upya: chuma kibaki, askari watulie, mfupa ushike. Waliomba mpaka chai ikapoa, na mimi nikaitikia kuliko wote.

Miezi minne baadaye mama mkwe alinisindikiza hospitali kupiga picha ya mfupa. Daktari akaitazama, akarudia kuitazama. Roho yangu ilikuwa juu.

"Mfupa umeshika," akasema. "Umekikumbatia chuma. Hebu jaribu bila gongo."

Nikapiga hatua moja. Ya pili. Nikafika mlangoni, nikatoka nje. Mama mkwe akaachia vigelegele korido nzima, nesi akaja mbio kumkemea kwamba kuna wagonjwa.

"Mwache, dada," nikamwambia. "Mgonjwa ni mimi, na nataka kusikia."