Kiti cha Kushoto cha Bi Mkubwa

Sikwenda Pemba kutembea. Nilikwenda kwa sababu mume wangu Hamad, Ijumaa moja baada ya kula, aliniambia kwa upole kabisa kwamba magoti yake yamechoka. "Raya," akasema, "ama tununue gari jipya, ama mimi nianze kwenda kazini kwa miguu."

Inabidi nieleze, maana msomaji atadhani mume wangu ni mgonjwa. Gari letu ni lile la kifahari la Kijerumani alilolipenda marehemu baba yangu, Mzee Omar wa Shumba. Ni refu, la kijani kama jani la mkarafuu, lina viti vya ngozi na milango mizito. Nyumbani tunaliita Bi Mkubwa. Na Bi Mkubwa ana sharti lake: kiti cha mbele kushoto hakikaliwi na mtu. Baba alikataza, na tukimuuliza sababu jibu lilikuwa moja tu: "Kina mwenyewe." Basi Mama alikaa nyuma, sisi watoto nyuma, wageni nyuma. Aliponifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa kuanikia karafuu, yeye mwenyewe alikaa nyuma. Alinigusa bega la kulia nikate kulia, la kushoto nikate kushoto, na nikikosea ananipa kofi la kisogo. Majirani walivumisha kwamba Mzee Omar kafuga jini, na jini ndiye mwenye kiti. Mimi nakiri, nilikuwa nikisoma Ayatul Kursi kabla ya kuwasha.

Baba alifariki miaka kumi na mbili iliyopita. Gari likawa langu, na sharti nikalirithi. Hapa Unguja Hamad hukaa nyuma yangu, magoti yamemfika kifuani, na shuleni ninaposomesha wananiita dereva wa bosi. Hakuwahi kulalamika. "Mkwe alisema kina mwenyewe," husema, "basi kina mwenyewe."

Gari alilolitaka ni la Kijapani, linakwenda kwa mafuta na umeme kwa pamoja. Lina kamera na linajua kujiegesha lenyewe. Hamad alishaliita Bi Mdogo hata kabla hajaliona. "Sijawahi kusikia mwanamme anayetafutiwa bi mdogo na mkewe," akasema, akacheka peke yake.

Nilimpigia simu Mama, Bi Zuwena, kumjulisha kwamba nataka kuliuza. Nilidhani atalia. "Uza ukitaka," akasema, "lakini kwanza upate radhi ya ami yako Rashid. Gari lile walilinunua wawili." "Umenisikia?" akauliza. Nilimsikia. Afadhali angeniambia nikaombe radhi ya jini!

Ami Rashid ni mdogo wake Baba, tumbo moja. Walikulia sahani moja, wakauza karafuu pamoja, wakalinunua gari pamoja, na wakati huo, kwa wanavyosimulia, ungewaona wamekaa mbele wote wawili, mmoja kwenye usukani na mwenziwe pembeni, wanabishana njia nzima. Kisha ukaja uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi, kila mmoja akashika chama chake. Asiyekuwepo Pemba hawezi kuamini hali ilivyokuwa. Watu waligomeana madukani, harusini, hata mazikoni. Siku moja, mbele ya watu, Ami Rashid aliteremka kwenye gari, akaubamiza mlango, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mguu wake hautaingia tena humo. Akahamia Pujini kwa wakwe zake. Alipofariki Baba, siasa zilikuwa zimeshapoa. Nilikaa siku tatu za matanga naangalia mlango. Hakuja. Hilo ndilo lililonikaa kooni, na tangu hapo sikukanyaga Pujini. Kugombana watu hugombana, lakini kutokuja kumzika nduguyo!

Jumatatu alfajiri, shule zikiwa zimefungwa, nilimwingiza Bi Mkubwa kwenye meli bandarini Malindi. Hamad alikuja kuniaga. Alilipiga gari kofi dogo mgongoni, akaniambia, "Ukifukuzwa, rudi. Magoti yangu yatastahamili." Nilimpenda sana dakika ile, ila sikumwambia, maana watu walikuwa wengi.

Adhuhuri tulifika Mkoani. Bi Mkubwa akaanza kupanda vilima huku anahema. Kipoza hewa chake kilikufa mapema kuliko Baba, kioo cha upande wangu kinakwama nusu, na baridi pekee niliyoipata ni ya chupa ya maji niliyoibana mapajani. Lakini kila penye kijiji watu walinyanyua mikono. Mzee mmoja aliyekuwa akianika karafuu kando ya barabara alisimama kabisa. "Gari la Omar na Rashid hilo!" akapiga kelele. Nikapunguza mwendo. Miaka yote mimi nilisikia gari la Omar tu.

Alasiri nilifika Chake Chake kwa Maryam, niliyesoma naye darasa moja. Kwa bahati, au kwa njama za Hamad, Maryam analo gari la aina ileile anayoitaka mume wangu. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza chai. "Ingia," akasema, "uone dunia ilikofika."

Nikakaa kwenye usukani. Hakuna ufunguo, unabonyeza kitufe. Nikabonyeza. Mwanamke akaanza kuongea kutoka ndani ya gari, kwa Kijapani, haraka haraka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Najua mimi?" Maryam akajibu. "Kila asubuhi hunisemesha hivyohivyo. Mama yangu humwitikia waalaykum salaam. Anasema mtu wa mbali hivyo, kumnyamazia ni utovu wa adabu."

Tulizunguka mji. Mungu anisamehe, nilifurahi. Gari halina kelele, hewa ya baridi inakupuliza mpaka vidoleni, na ukirudi nyuma unaona kila kitu kwenye kioo kama televisheni. Mgongo wangu, uliokuwa ukinisema tangu Mkoani, ukanyamaza. Tuliporudi, Maryam akateremka kufungua geti na kuniachia pochi lake kubwa kwenye kiti cha kushoto. Gari likaanza kulia, ti, ti, ti. Nikashtuka mpaka nikaachia usukani.

"Limehisi kuna mtu kiti hicho hajafunga mkanda," Maryam akaniambia. "Ondoa pochi, litanyamaza."

Nikaondoa, likanyamaza. Siku ile nililala nimeshaamua. Kama Ami Rashid atakubali, nauza. Kama atanitukana, nauza vilevile, na Mama nitajua la kumwambia.

Jumanne asubuhi nikachukua njia ya Pujini. Ni karibu tu na Chake, lakini niliendesha polepole kama nakwenda mbali. Niliuliza nyumba yake mara moja tu, nikaelekezwa. Alikuwa amekaa barazani, anamenya muhogo. Nilimwona amezeeka, shingo nyembamba, na kisogo kilekile cha Baba. Sikutaka kukiona kisogo kile.

Alilitambua gari kabla ya kunitambua mimi. Aliweka kisu chini, akasimama taratibu, mkono ukutani.

"Shikamoo, ami. Mimi Raya, wa Mzee Omar."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake hayakutoka kwenye gari. "Karibu. Kaa."

Sikukaa. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusema yangu kwanza nikiwa nimesimama. Nikamwambia nimetumwa na Mama kuomba radhi yake, nataka kuliuza gari, na kama ana neno alitoe.

"Kabla hujaniomba radhi, nijibu," akasema. "Pale mbele, kushoto, hukaa nani?"

"Hakai mtu. Baba alikataza mpaka anakufa. Alisema kina mwenyewe."

Ami Rashid akakaa chini kwa uzito, na muhogo ukaviringika mpaka miguuni mwangu. Akajifunika uso kwa kofia yake. Mabega yakawa yanamtikisika, na mimi nimesimama pale na hasira zangu za miaka kumi na mbili, sijui niziweke wapi.

Alipopata sauti alisema hivi, nami nayaandika kama nilivyoyasikia. "Niliposikia Omar anaumwa, nikasema basi, yatosha. Lakini nilishaapa. Kiapo kina kaffara yake: ulishe maskini kumi, na usipoweza ufunge siku tatu. Kulisha kumi sikuweza, mwanangu, maana na mie ningekuwa wa kumi na moja. Nikafunga. Nikampa salamu mtu wa Shumba: mwambie Omar aje anichukue na gari. Siku ya tatu nikafuturu, nikakaa hapahapa, nasikiliza barabarani. Asubuhi yake ikaja habari ya msiba."

"Na mazikoni, ami?" Sauti yangu ilitoka kali, sikuweza kuizuia. "Mbona hukuja?"

"Nilikuja. Nilifika Konde, miguu ikakataa. Ningewatazamaje nyie? Nikarudi." Akajifuta macho. "Kaffara yangu n'shaitoa zamani. Gari ndilo halikuja."

Nilikaa, tena chini, kando ya maganda ya muhogo, nikalia kwa sauti. Sikumlilia Baba peke yake. Nilijililia mimi, maana gari lilikuwa langu, ufunguo mkobani mwangu, na Pujini si ng'ambo.

"Ami," nikasema baadaye, "twende Shumba."

Akaingia ndani. Alitoka amevaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu mkononi. Nikamfungulia mlango wa kushoto, ukagoma kidogo. Aliingia miguu mitupu. Nikamwambia avae viatu vyake, akanijibu nisimsemeshe. Mkanda ulikuwa mgumu kama wa dukani, ukabidi niuvute kwa mikono miwili nimfunge.

Njia ya kaskazini ni ndefu, na mkono wake uko juu ya dashibodi kama anayetuliza ng'ombe. Tulipopita Mzambarauni akafungua mdomo.

"Gia ya tatu. Unalichosha."

"Ami, naendesha mimi."

"Naona. Omar naye alikuwa hivyohivyo."

Tukabishana mpaka Konde. Aliniambia napita karibu mno na mashimo, napiga honi ovyo, nimevaa viatu visivyofaa kuendeshea. Kama si adabu ningemteremsha! Na huku nacheka, na huku machozi yananiziba barabara. Kumbe ndivyo gari hili lilivyokuwa, na mimi nilikuwa sijawahi kulijua.

Tulifika Shumba Mjini adhuhuri. Mama huijua honi ya Bi Mkubwa, akatoka mlangoni na kanga yake begani. Aliangalia upande wangu, kisha upande wa pili. Akasimama. Ami Rashid hakuweza kuufungua mlango, na mimi sikumsaidia, maana Mama alishaanza kuja. Aliufungua yeye.

"Shemegi," akasema. "Umechelewa. Chakula kimepoa."

"Nimechelewa, Zuwena. Nisamehe."

"Salamu zako zilifika." Mama alikuwa bado kaushika mlango. "Siku ile alizipata. Akaniomba ufunguo wa gari, hata kukaa kitandani hawezi. Nikampa, akalala nao mkononi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hasira na wewe, Rashid. Nilikuwa na hasira sana."

Hawakusema zaidi mbele yangu. Nilikwenda jikoni kupasha mchuzi, nikachukua muda mrefu kuliko mchuzi unavyohitaji. Baadaye walikwenda pamoja kaburini, Ami mbele, Mama nyuma yake kwa mbali, na nilipowaita kula, walikula vizuri wote wawili.

Alhamisi asubuhi nilimrudisha Ami Rashid Pujini. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Nilitaka kumwambia nimebadili nia, siuzi tena, litabaki hivyohivyo na kiti chake. Nikaanza kusema mbele ya baraza yake, injini inaunguruma.

"Raya," akanikata, "una mume?"

"Ninaye, ami."

"Hukaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti cha nyuma. Akakitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Kisha akafungua mkanda mwenyewe, akateremka, akaufunga mlango polepole, kwa kiganja, mpaka ukabana.

"Uza," akasema. "Mie n'shapanda."

Ijumaa nilishuka bandarini Malindi. Ndani ya meli nilikuwa nikijiuliza nitawaeleza nini watu wa nyumbani kuhusu safari hii, na nilichopata ni kidogo: nilidhani nimelirithi gari, kumbe nilirithi ujumbe, nikazunguka nao Unguja miaka kumi na mbili bila kuufikisha. Ningechelewa kidogo tu, pasingekuwa na wa kuupokea.

Hamad alikuwa akinisubiri getini, ameshika mfuko wa mkate wa kumimina. Akanisalimu, akafungua mlango wa nyuma kama kawaida yake, akainama kuingia.

"Kaa mbele," nikamwambia.

Akabaki ameinama. "Mbele wapi?"

"Mbele. Kushoto. Mwenyewe ameruhusu."

Alizunguka gari polepole, akafungua, akasema bismillahi, akakaa. Akainyoosha miguu. Akainyoosha tena. Kisha akanigeukia, na katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuuona uso wake kutoka upande ule, karibu vile, ninapoendesha.

"Raya," akasema, "kumbe huku kuna nafasi!"

"Ipo."

"Sasa, Bi Mdogo je?"

"Jumamosi ijayo twende tukamwangalie."

Akafungua mfuko, akanimegea kipande cha mkate, akanitia mdomoni. Nyumbani kwetu ni hapo tu, nyuma ya soko. Nilipita njia ya pwani, nikazunguka mji mzima.