Nyumba ya Nne ya Nyanya

Asubuhi moja mwezi uliopita nilifunga mkoba wangu mtaani Kilburn, huku ughaibuni, nikaaga, nikapanda basi la kwanza lililosimama. Usiniulize nilikuwa naenda wapi; unanijua, miguu yangu haitulii. Mvua iliponikuta mtaa wa Tooting niliingia duka la vitabu vya mitumba, nikachomoa kimoja kwa sababu ya picha tu: kibanda kisicho na kuta, kimeezekwa makuti, kando ya kinamasi.

Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nasoma polepole, lakini nilisoma nikiwa nimesimama mpaka soksi zikanikaukia. Kilikuwa kitabu cha Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida. Serikali ya Marekani iliwafukuza kwao kwa bunduki, wengi wakapelekwa magharibi ya mbali. Wachache waligoma. Walijificha ndani ya vinamasi, wakawa wanajenga vibanda, wanaviacha, wanajenga tena, na wajukuu wao wako huko hadi leo.

Nikacheka peke yangu. Nyanya yangu angewaelewa watu hao bila mkalimani.

Sisi tulikuwa watu wa msituni, Kenya, juu kwenye baridi, watu wa mizinga na asali. Nilipofika miaka minane hivi, askari wa msitu, waliotumwa kututoa, walikuwa wameshachoma nyumba yetu mara mbili. Majirani wengi walishuka kwenda kuishi kando ya barabara. Nyanya alibaki, akajenga nyumba ya mianzi na nyasi, ya kumalizika kwa siku moja. Tulipikia kuni zilizokaukia juu ya mti, tukiziambua maganda kwanza, maana hizo hazitoi moshi wa kuonekana. Bado nasikia harufu ya viazi kwenye jivu moto, na ukimya wa mlo ule, sote tumetega masikio.

Siku moja, nyanya akiwa mizingani, baridi ilinishinda, nikatupia motoni tawi bichi. Moshi ukapanda mpaka juu ya miti. Askari walifika nyanya akiwa ndiyo kwanza anarudi, mikono yote asali.

Mkubwa wao akatoa karatasi. "Mama, weka kidole hapa. Utapewa shamba kule chini."

"Kidole kina asali."

"Kifute basi."

"Nifute asali ya babu yangu nipake wino wako? Kijana, mama yako anajua unafanya kazi hii?"

Wenzake wawili waligeuka pembeni kuficha kicheko. Yeye hakucheka. Wakaichoma nyumba, ya tatu hiyo.

Nilingoja kipigo. Nyanya alilamba kidole chake taratibu, akanipa panga. "Wageni umewaita wewe. Haya, kakate mianzi."

Usiku tulilala ndani ya nyumba ya nne. Viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na sijawahi tena kujiona mkubwa vile.

Nyanya alikuja kufia palepale msituni, bila kuweka kidole. Leo kilima chetu kimepandwa misonobari kwa mistari iliyonyooka. Mizinga haipo, na sisi tunaojua kuwasha moto ule usio na moshi tumebaki wachache, tumetawanyika.

Jioni ya siku ile ya mvua, mwenye duka la vitabu alinielekeza kwa mama mmoja Mhindi aliyekulia Kisumu, anayepangisha chumba.

"Kwenu wapi?" akaniuliza.

"Msituni."

"Msitu gani, bwana? Jaza fomu vizuri, mimi sitaki maneno."

Nilijaza. Palipoulizwa makazi ya kudumu niliandika jina la kilima chetu, kwa herufi kubwa. Akalisoma kwa sauti, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawasawa, kisha akanionyesha ngazi za kupandia chumbani.