Ng'ombe Hawatoki kwa Mokami

Waitara alikuwa na huruma ya ajabu: kila alipomwona shemeji yake Mokami akichechemea, macho yake yalikwenda kwa ng'ombe.

"Shemeji, ng'ombe wanataka miguu," alisema mbele ya majirani pale kijijini Matongo. "Mwisho wa mwezi nakuja kuwachukua."

Mokami, mjane, alikuwa akiwachunga mwenyewe tangu mumewe, ndugu yake Waitara, afariki. Gegedu la magoti yake, ule mto laini kati ya mifupa, lilikuwa limesagika, na kila mteremko ulimtoa jasho. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia akisema "naumia." Kwao Wakurya, kulia kwa maumivu ni aibu ya ukoo mzima, na Mokami alizaa watoto wote bila kutoa sauti.

Ukakamavu huo alienda nao hospitali Tarime. Zilpa, mtaalamu wa fiziotherapia, alimbandika vibandiko vyenye nyaya kuzunguka goti, akashika kimashine cha kutuliza maumivu, kidogo kama redio ya mfukoni.

"Mama, naongeza umeme polepole. Ukisikia kama siafu wanatembea, sema. Wakianza kuuma, sema tena."

Mokami alikaza taya. Zilpa akaongeza. Akaongeza tena. Ghafla mguu uliruka wenyewe, ukapiga teke kiti, kikaanguka.

"Mama! Mbona hukusema?"

"Mimi siyo wa kulia."

"Nani kakwambia ulie? Hii mashine haioni maumivu yako. Ukinyamaza, nitakuumiza bure."

Mokami alikasirika, halafu akaona haya, maana binti huyo alisema kweli. Walipoanza upya alijilazimisha: "Hapo." Neno dogo, lakini kwake lilikuwa zito. Baada ya muda goti lilitulia.

"Hujapona," Zilpa alimwonya. "Maumivu yamepungua tu. Tumia nafasi hiyo kutembea, miguu ipate nguvu."

Mwisho wa mwezi Waitara alifika na fimbo yake na wanaume wawili, akakuta zizi tupu. Mokami alikuwa akipanda kutoka mtoni nyuma ya ng'ombe wake, polepole. Kimashine kama kile cha Zilpa, alichojinunulia mwenyewe, kilikuwa kimefungwa kiunoni, nyaya zimeingia chini ya kitenge.

Waitara alitafuta pa kumshika. "Kwa hiyo shemeji, magoti hayaumi tena?" aliuliza kwa sauti, watu wote wasikie.

Mokami alisimama, akapaza sauti kuliko yeye.

"Yanauma! Yanauma sana. Haya, toka mlangoni, ng'ombe wangu wanaingia."